Kinga ikishuka, uliza ni sehemu gani imeshuka

Pita Kondele hapa Kisumu jioni, ingia kemisti yoyote, sema mtoto anakohoa kila baada ya wiki mbili ama wewe mwenyewe umekuwa mtu wa homa homa tu, na karibu lazima utaambiwa kinga imeshuka. Utapewa sirapu ya vitamini ama chupa ya vidonge, ulipe, uende nyumbani. Kibuye sokoni kuna wale wa unga wa mlonge na kitunguu saumu, nao watakwambia hii inapandisha kinga. Swali lenye hakuna mtu anauliza ni kinga gani, juu hii tunaita kinga ya mwili ni kazi ya sehemu nyingi tofauti na kila sehemu ina magonjwa yake ambayo inazuia. Ikiharibika moja, mtu hagonjeki kila kitu, anagonjeka vitu fulani kwa njia fulani, na daktari mwenye anajua kusoma hiyo njia anaeza kukwambia shida iko wapi hata kabla labu haijarudisha majibu. Hilo ndilo nataka tuelewane leo, juu watu wanazika watoto na wagonjwa wao wakiwa wamenunua vidonge vya kupandisha kitu chenye hakuna mtu alijua ni gani.

Kwanza vile inafanya kazi, haraka haraka. Ngozi ndio ya kwanza, halafu makamasi na zile nywele ndogo sana kwenye njia ya hewa zinazosukuma uchafu juu mpaka uuteme, halafu asidi ya tumbo inayoua bakteria nyingi tunazomeza na chakula na maji. Mtu akichomwa na maji moto ama akiwekewa mpira wa mkojo hospitalini, hapo tayari amepoteza sehemu ya kinga hata kama damu yake iko sawa kabisa. Kijidudu kikishapita hapo kinakutana na seli nyeupe zinaitwa nyutrofili, zinatoka kwenye uboho wa mifupa kwa mabilioni kila siku na zinaishi muda mfupi sana, kazi yake ni kumeza na kuua, na usaha wenye unaona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni hizo nyutrofili zilizokufa kazini. Kuna makrofaji, nazo zinameza lakini zinakaa ndani ya viungo kama mapafu na ini. Kuna protini kwenye damu zinaitwa komplimenti, zenyewe zinang'ang'ania bakteria na zingine zinaitoboa mpaka inapasuka.

Halafu limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, na hapa tuende polepole kidogo. Seli B zinatengeneza antibodi, protini zinazonata kwenye kijidudu ili kisishike mwili na ili wamezaji wakione. Seli T zinakomazwa kwenye tezi ya thaimasi, iko kifuani nyuma ya mfupa wa katikati, kubwa kwa mtoto na inaendelea kusinyaa vile mtu anakua. Seli T za aina ya CD8 zinaua seli ya mwili wako yenyewe ikishaingiliwa na virusi. Zile za CD4 haziui sana, zinatoa maagizo, na ndio maana zikipotea kila kitu kinalegea: seli B bila CD4 hazitengenezi antibodi nzuri, makrofaji bila CD4 inameza bakteria ya TB halafu inashindwa kuimaliza, bakteria inakaa mle ndani ikizaana. Baadhi ya T na B zinabaki na kumbukumbu ya ugonjwa kwa miaka mingi, na hiyo kumbukumbu ndio chanjo inatafuta. Mwisho kuna wengu, upande wa kushoto chini ya mbavu, unachuja damu yote na kutoa bakteria zenye zimejificha ndani ya ganda la sukari, hasa pneumokoka, bakteria ya nimonia.

Sasa ukiwa na hiyo picha, magonjwa yanaanza kuongea. Mtu amekosa antibodi, utaona masikio yanatoa usaha tena na tena, sinasi, nimonia za bakteria mwaka hadi mwaka, na kuhara kusikoisha kwa sababu ya kijidudu cha utumboni kinaitwa jiadia. Amekosa seli T, utaona fangasi mdomoni na kooni, virusi vyenye watu wengine wanapona kwa wiki moja, TB, na nimonia ya fangasi inaitwa PCP yenye mtu mwenye kinga kamili karibu hawezi kuugua. Nyutrofili zikikosekana ama zikiwa zipo lakini haziui, ni majipu, na si ya kwenye ngozi tu, ya ndani, kwenye ini, kwenye mapafu, kwenye tezi. Komplimenti za mwisho, zile za kutoboa, zikikosekana mtu anaeza kupata homa ya uti wa mgongo ya bakteria inaitwa meningokoka mara mbili ama tatu maishani, kitu chenye kwa kawaida mtu hapati hata mara moja. Ni kama wavu wa wavuvi pale Dunga, samaki mwenye anaponyoka ndiye anakuonyesha tundu ni kubwa kiasi gani.

Upungufu wa kinga unatoka pande mbili, kuna wa kuzaliwa nao na kuna wa kuupata ukiwa umeshaingia duniani. Wa kuzaliwa nao ni jeni, na sai zinajulikana aina zaidi ya 400. Nyingi ni nadra moja moja lakini ukizijumlisha si nadra vile tunadhani, shida ni kwamba huku kwetu mtoto hufa kabla mtu hajashuku. Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alieleza kisa cha mvulana wa miaka 8 aliyekuwa anaingiwa na bakteria kwenye damu mara kwa mara, akapimwa akakutwa hana kabisa ile sehemu ya protini za damu yenye inabeba antibodi. Bruton alianza kumdunga antibodi zilizotolewa kwa damu ya watu wengine na yale maambukizi yakakoma. Ugonjwa wenyewe uko kwenye kromosomu ya X, kwa hivyo mama anabeba bila kuugua na mtoto wa kiume ndiye anaugua. Ndiyo sababu daktari akiuliza habari za wajomba, ndugu za mama, waliofariki wakiwa wadogo, hafanyi umbea, anatafuta hiyo X.

Na kuna jambo moja hapa lenye linachanganya wazazi sana. Mtoto kama huyo miezi ya kwanza anakuwa mzima kabisa, ananyonya, ananenepa, watu wanasema huyu ni wa baraka, halafu akifika karibu miezi 6 anaanza, sikio, kifua, sikio tena, nimonia, wodi. Ni kwa sababu antibodi za mama zilipita kwenye kondo akiwa tumboni na zilikuwa zinamlinda, sasa zimeisha na zake hazipo. Watu wanalaumu uji wameanza kumpa, wanalaumu meno, wanalaumu jirani mwenye alimwangalia vibaya. Mtoto ameishiwa na vya mama tu. Kwa njia, hata kwa watoto wa kawaida hiyo hesabu ina maana, mama mwenye malaria ilikaa kwenye kondo ama mwenye anaishi na HIV hupitisha antibodi pungufu, kwa hivyo mtoto wake hata akiwa hana virusi anaingia duniani na akiba ndogo.

Ile mbaya zaidi ya kuzaliwa nayo ni wakati seli T hazipo, na mara nyingi B nazo hazifanyi kazi. Kisa kilichojulikana dunia nzima ni cha David Vetter wa Texas, alizaliwa 1971 akawekwa ndani ya chumba cha plastiki kilichosafishwa vijidudu vyote, akaishi humo karibu miaka yake yote. Mwaka 1983 akapewa uboho wa dada yake. Ndani ya ule uboho kulikuwa kumejificha virusi vya Epstein-Barr, vyenye karibu sisi wote tunavyo na hatujui, na kwa sababu David hakuwa na seli T za kuvizuia vikageuza seli B kuwa saratani. Alifariki Februari 1984 akiwa na miaka 12. Kumbuka hivyo virusi, tutavirudia, juu vina historia na ziwa letu.

Ule wa kuupata baadaye ndio mwingi zaidi na huku Nyanza ndio umetumaliza. Nianze na HIV, juu hakuna vile utaongea kinga Kisumu uiruke. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulipata watu wazima wenye virusi ni asilimia 4.9 Kenya nzima, lakini Homa Bay ni 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3, Migori 13.0. Virusi hivi vinaingia kwenye seli kwa kushika protini ya CD4 yenyewe, ile yenye zile seli T zimepewa jina lake, yaani vinalenga wale wa kutoa maagizo, na wiki za kwanza kabisa vinamaliza CD4 nyingi za kwenye utumbo wakati mtu anadhani ni mafua tu. Baadaye inakuwa ni miaka ya kupungua polepole.

Mtu mzima mwenye afya ana CD4 kati ya 500 na 1,500 kwa mikrolita moja ya damu. Zikiwa zinashuka kutoka hapo, mambo yanakuja kwa mpangilio ambao madaktari wa zamani walikuwa wanausoma bila mashine. TB inaeza kuingia mapema wakati wowote. Halafu mkanda wa jeshi, ule upele wa maji unaochoma upande mmoja wa mwili, na kijana wa miaka 25 akiupata inafaa apimwe siku hiyo hiyo. Utando mweupe mdomoni. Zikipita chini ya 200 ndio PCP inapata nafasi. Chini ya 100 inakuja ile homa ya uti wa mgongo ya fangasi ya kriptokoka, fangasi yenyewe iko kwenye mchanga na kwenye kinyesi cha njiwa, wengi wetu tunaivuta na haitufanyi kitu, lakini kwa huyu inapanda ubongoni na inaanza na kichwa tu, kichwa cha wiki mbili chenye panadol haisaidii. Chini ya 50 kuna virusi vinakula retina mtu anapofuka. Hakuna hata kijidudu kimoja hapo kimekuwa kikali zaidi ya jana, ni mwenye nyumba amepoteza seli zilizokuwa zinakizuia.

TB nayo mtu aielewe hivi. Ukivuta bakteria na kinga yako ni nzima, uwezekano wa kuugua maisha yako yote ni kama asilimia 5 hadi 10, bakteria inabaki imefungiwa kwenye kidonda kidogo cha mapafu. Mtu mwenye HIV bila dawa anabeba uwezekano karibu asilimia 10 kila mwaka. Kila mwaka. Na zaidi ya hapo, TB yake mara nyingi haionekani kwenye makohozi na picha ya kifua haionyeshi yale mashimo ya kawaida, juu yale mashimo yanachimbwa na kinga yenyewe ikipigana, kwa hivyo anaambiwa kifua kiko sawa na kumbe hakiko sawa.

Zamani, na hata sai kwa boma zingine, mtu akikonda namna hiyo ilisemwa ni chira, kuna mwiko umevunjwa, na familia ikatafuta manyasi, dawa za miti shamba, kwa miezi. Simdharau mtu kwa hilo. Ukiona baba amekonda, kisha mama, kisha yule mtoto wa mwisho, lazima utafute sababu yenye iko ndani ya nyumba, na kweli sababu ilikuwa ndani ya nyumba. Kisa cha kwanza Kenya kiliripotiwa 1984 na ni 1999 ndio serikali ilitangaza janga la kitaifa, miaka 15 yenye watu walibaki na maelezo yao wenyewe. Leo hali ni tofauti kabisa, tangu 2016 mwenye amepimwa akapatikana anaanzishwa ARV bila kungojea CD4 zishuke, na dawa zikizima virusi uboho na thaimasi zinaanza kujaza tena, si haraka, miezi na miaka, na mwenye alianza akiwa na CD4 30 mara nyingi hafiki mahali mwenye alianza na 400 amefika. Ndio maana kliniki inaendelea kumpa Septrini kila siku hata akisema anasikia poa, ile Septrini inazuia PCP na kijidudu kinaitwa toksoplasma na bakteria kadhaa wakati seli zinarudi. Mtu akiacha Septrini kwa sababu amenenepa anaacha kitu chenye kilikuwa kinashika nafasi ya seli zenye bado hazijafika.

Sasa siko seli, yenye naona inasahaulika sana kwenye mazungumzo ya kinga. Watu wanajua ni uchungu wa mifupa na kuongezewa damu. Wachache wanajua ni upungufu wa kinga. Jeni yake imejaa huku kwa sababu mwenye amebeba moja tu analindwa sana dhidi ya malaria kali, kwa hivyo kando ya ziwa imebaki kizazi hadi kizazi. Mwenye amerithi mbili, seli zake nyekundu zinakunjika na kuziba mishipa midogo, na wengu una mishipa midogo kweli kweli, unaanza kuharibika mtoto akiwa na miezi michache na kwa wengi ukifika miaka 5 umebaki kovu.

Unaeza kuliona hili kwa macho. Labu yoyote ya kijijini inayopima malaria, pale Ahero ama Muhoroni, fundi ameweka tone la damu kwenye kioo, amelipaka rangi, anaangalia kwa hadubini akitafuta vijidudu vya malaria, na badala yake anaona ndani ya seli nyekundu zingine kuna kitone kimoja cha zambarau, cha mviringo, kimetulia kando. Ni kipande cha kiini cha seli chenye kilibaki wakati seli inatengenezwa. Kila mtu anatengeneza hizo, lakini wengu huzinyofoa zinapopita, kwa hivyo kwa mtu mwenye wengu unaofanya kazi huvioni. Ukiviona ujue hakuna mwenye anachuja. Na kama hakuna mwenye anachuja kitone cha zambarau, hakuna mwenye anachuja pneumokoka pia.

Huyo mtoto anaeza kuamka na homa asubuhi na jioni awe hayuko. Sitaki kumtisha mama yeyote lakini hiyo ndiyo kasi yake, na ndiyo sababu penisilini ya kila siku hupewa hawa watoto mpaka angalau miaka 5. Jaribio lililochapishwa Marekani 1986 lilionyesha inapunguza maambukizi makali ya pneumokoka kwa asilimia 84, na chanjo ya pneumokoka nayo iko kwenye ratiba ya Kenya tangu 2011. Huku pia wanapewa Paludrini ya kuzuia malaria, juu ile kinga ya malaria ni ya mwenye jeni moja, mwenye jeni mbili malaria inamuangusha vibaya kuliko mtu yeyote. Bakteria ya salmonela nayo inampenda, inaingia mpaka ndani ya mfupa ulioumia, na unaeza kudhani ni ule uchungu wake wa kawaida mpaka usaha uonekane.

Kwenye kliniki utasikia sista akimwambia mama, akiwa ameshika mkono wake na kuuweka chini ya mbavu za kushoto za mtoto, "Mama, sikia hapa, hapa ndio wengu. Kila ukimwogesha shika hapa. Siku utasikia kimevimba kikubwa na mtoto amepauka, usingojee baba yake atoke kazi, njoo." Ni kwa wale wadogo wenye wengu bado haujaisha, unaeza kujaa damu ghafla mtoto akaishiwa. Huo mkono wa mama ni kipimo kizuri kuliko mashine nyingi.

Halafu kuna mambo matatu yenye yanashikana kwa watoto wetu na ni vigumu kuyatenganisha, njaa, surua na malaria. Njaa kali inasinyaza thaimasi ya mtoto kuliko umri wake, utando wa utumbo unakuwa mwembamba bakteria zinapita, na hata asidi ya tumbo inapungua. Mtoto wa utapiamlo mkali anaeza kuwa na maambukizi kwenye damu bila homa, juu homa yenyewe ni kazi ya kinga na hana nguvu ya kuitengeneza. Kwa hivyo mwili baridi kwa mtoto aliyekonda ni dalili mbaya, si nzuri. Akigonjeka naye hali, akikosa kula kinga inashuka zaidi, mnazunguka hapo hapo.

Surua inafanya kitu kibaya kwa njia nyingine kabisa. Virusi vyake vinaingia kwenye zile seli T na B za kumbukumbu na kuzimaliza. Mwaka 2019 watafiti walichapisha vipimo vya watoto wasiochanjwa kabla na baada ya surua, wakakuta walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za antibodi walizokuwa nazo, yaani kinga ya magonjwa mengine yenye walikuwa wameshapigana nayo ikafutika. Mtoto anapona surua, upele unaisha, halafu miezi mingine mingi, hata miaka 2 ama 3, anashikwa na nimonia na kuhara na hakuna mtu anaunganisha. Chanjo ya miezi 9 na ile ya miezi 18 kwa hivyo zinalinda zaidi ya surua. Ile ya miezi 18 ndio wengi wanaruka, mtoto ameshaanza kutembea, mama amerudi kazi, kitabu cha kliniki kiko chini ya godoro.

Malaria tunaizoea mpaka tunasahau inagusa kinga. Seli nyekundu zikipasuka kwa wingi makrofaji zinajaa takataka za hemoglobini, nyutrofili zinatoka kwenye uboho zikiwa hazina nguvu kamili ya kuua, na hapo salmonela zenye kwa kawaida zingeleta kuhara kwa siku mbili zinaingia kwenye damu. Siaya imechunguzwa kwa miaka na picha ni hiyo hiyo, mtoto wa malaria yenye upungufu mkali wa damu, ama HIV, ama utapiamlo, ndiye anapatikana na salmonela kwenye damu.

Na sasa vile virusi vya David. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Uganda, alieleza uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya ajabu kwa watoto. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya seli za uvimbe huo, ndivyo hivyo vya Epstein-Barr. Uvimbe huo ni saratani, sai inaitwa Burkitt, na iko mahali malaria iko mwaka mzima, na Nyanza ni mojawapo. Watafiti walipolinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi, kule juu penye malaria ni kidogo, waliona seli T za kudhibiti Epstein-Barr ni dhaifu kwa wale wa Kisumu, hasa wa miaka 5 hadi 9, umri ule ule wenye uvimbe huu hutokea zaidi. Mvulana wa Texas alikosa seli T tangu kuzaliwa, mtoto wa huku Nyando seli zake T anazo lakini malaria imezichosha kwa virusi hivi, na wote wawili ni virusi vile vile na saratani ya seli B. Hii ndiyo sababu neti na chanjo ya malaria, yenye ilianza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, siziweki kwenye fungu la homa peke yake.

Zingine nizipitie tu. Kisukari kisichodhibitiwa kinafanya nyutrofili ziwe nzito na kidonda cha mguu kisipone, na kinapandisha hatari ya TB mara 2 hadi 3, kwa hivyo mwenye TB isiyoeleweka apimwe sukari pia. Dawa za saratani zinaua uboho unaogawanyika kwa kasi, siku kama ya 7 hadi ya 14 baada ya dawa nyutrofili ziko chini kabisa na homa hapo ni dharura hata kama mgonjwa anatembea. Uzee unapunguza seli T mpya. Pombe nyingi inalemaza wamezaji wa kwenye mapafu.

Steroidi nizipe mstari wake, juu zinauzwa kama peremende. Prednisolone na dexamethasone ni dawa nzuri sana kwa pumu kali na magonjwa mengine zikiandikwa na daktari, lakini zinazima kinga kwa makusudi, hiyo ndio kazi yake, na mtu akizimeza wiki kadhaa kwa sababu ya mgongo ama kutafuta kunenepa mashavu, TB iliyolala inaamka na kuna minyoo ya strongiloidi yenye ilikuwa imetulia utumboni miaka inatawanyika mwili mzima. Na unga wa maumivu ya viungo usio na lebo unaonunua stejini, wenye unaondoa maumivu siku ya kwanza kwa ajabu, ujiulize ndani kuna nini.

Ndio nirudi kwa vidonge vya kupandisha kinga. Kama mtoto amekosa zinki ama vitamini A, kumpa kunasaidia kweli, ndio maana zinki inatolewa pamoja na ORS akihara na vitamini A hutolewa kila miezi 6 mpaka afike miaka 5. Kama shida ni jeni ya seli B, ama wengu umekufa, ama virusi vinakula CD4, hakuna mlonge wala vitamini itajaza hapo, kila moja ina tiba yake, antibodi za kudungwa, penisilini, ARV. Mlonge ni mboga nzuri, kula. Usiulipie kama dawa ya kitu chenye hujapimwa.

Ni lini mtu ashuku? Watoto wote wanakohoa, mtoto wa nasari anaeza kupata mafua mara nyingi kwa mwaka na akawa mzima kabisa. Chenye kinafaa kushtua ni nimonia 2 ndani ya mwaka mmoja, masikio mara 4 ama zaidi kwa mwaka, majipu ya ndani, utando mweupe mdomoni wenye hausikii dawa ama umerudi mtoto akiwa ameshapita mwaka mmoja, maambukizi yenye lazima yatibiwe kwa mshipa kila mara, mtoto kuacha kukua, na ugonjwa wa kijidudu chenye watu wengine hakiwafanyi kitu. Ukifika hapo usibebe historia kichwani, ibebe kwenye kitabu cha mama na mtoto, tarehe na ugonjwa na dawa iliyofanya kazi, juu kila ziara ni mtu mwingine anakuona na yeye anaona nimonia moja tu, hajui ni ya tano.

Omba kipimo cha HIV hata kama kile cha miezi ya kwanza hakikuonyesha virusi, kipimo cha siko seli, sukari kwa mkubwa, na hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu. Hiyo hemogramu ni ya bei ya kawaida na iko karibu kila mahali, lakini wengi wanaangalia hemoglobini peke yake na kuikunja karatasi. Angalia mstari wa limfosaiti na wa nyutrofili. Mtoto mchanga kwa kawaida ana limfosaiti nyingi kuliko mtu mzima, na zikiwa chini ya 3,000 mara kwa mara hapo kuna jambo la kupelekwa kwa daktari wa watoto hospitali kubwa, kama Jaramogi pale Kisumu yenye wenyeji bado wanaiita Russia, Eldoret, ama Nakuru. Kipimo cha kiwango cha antibodi kinafanywa kwenye labu kubwa, kinagharimu, lakini ukishakuwa na hiyo karatasi ya hemogramu na hicho kitabu mkononi ni rahisi zaidi kumfanya mtu akiandike.

Na kwa familia yenye ilishapoteza mtoto mchanga wa kiume kwa maambukizi yasiyoeleweka, ama mjomba wa upande wa mama alikufa hivyo, kuna jambo moja la kusema mapema. BCG, ile chanjo ya TB ya siku za kwanza, ni bakteria hai iliyodhoofishwa, kwa watoto wengi sana ni salama na inawaokoa, lakini kwa mwenye hana seli T inaeza kuenea mwili mzima. Kwa hivyo mvulana anayefuata akizaliwa, sista aambiwe habari za wale waliotangulia kabla ya ile sindano, hata kama foleni ni ndefu na yeye ameshashika bomba.